Mbunge Asiyekuwa na Jimbo: Pio Gama Pinto na Deni Tunalodaiwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati katika ukumbi wa kanisa, mitaa ya Eastlands, Nairobi)



Mada tuliyopewa ni swali: Mbunge ni mtumishi wa nani? Swali hili ni fupi, lakini kila baada ya miaka mitano linatushinda kulijibu. Hapa Kamukunji, Makadara, Starehe na Embakasi tumezoea kumpima mbunge kwa karo aliyowalipia watoto wetu, kwa darasa lililojengwa kwa fedha za maendeleo ya jimbo, na kwa mchango aliotoa matangani. Hatusemi mambo hayo ni madogo. Mama anayehangaikia karo hawezi kuambiwa kwamba karo ni jambo dogo. Hata hivyo, tukikoma hapo, mbunge atakuwa mfadhili tu, nasi tutakuwa waombaji mlangoni pake.

Kwa hiyo tumeona tulijibu swali hili kwa maisha ya mtu mmoja. Mtu huyu alikuwa mbunge wa Kenya kwa muda wa miezi saba tu. Hakuwa na jimbo. Hakuwa na kabila ambalo lingempigia kura kwa wingi, maana wazazi wake walitoka Goa, katika pwani ya India. Alipigwa risasi mjini humu akiwa na umri wa miaka 37. Jina lake ni Pio Gama Pinto.

Kijana wa Nairobi

Pinto alizaliwa hapa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Goa ya wazazi wake ilikuwa chini ya utawala wa Wareno, na Wagoa wengi waliokuja Afrika Mashariki walifanya kazi za ukarani katika ofisi za serikali ya Mwingereza. Walikuwa Wakatoliki, wenye elimu na nidhamu ya kazi. Akiwa na umri wa miaka minane, Pinto alipelekwa India kusoma. Alikulia huko, akafanya kazi huko, na huko huko akaanza kushiriki migomo ya wafanyakazi na harakati za kumwondoa Mreno katika Goa. Alipoona kwamba kukamatwa kwake kumekaribia, alirudi Kenya mwaka 1949.

Tukumbuke Kenya aliyoikuta. Rangi ya mtu ndiyo iliyoamua mshahara wake, hospitali atakayotibiwa, shule ya watoto wake na mtaa atakaolala. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kwa mpango huo, Pinto alikuwa amewekewa ngazi yake tayari. Angeweza kuajiriwa ofisini, akajiunga na klabu ya Wagoa, akahudhuria misa kila Jumapili na kustaafu kwa amani. Hakuna ambaye angemlaumu. Watu wa katikati huwa na kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni kumshukuru aliye juu kwa kutowaweka chini. Pinto alikikataa.

Eastlands ilivyomfunza siasa

Ndugu zetu, historia ya Wahindi waliosimama pamoja na Waafrika haikuanzia katika majumba ya Westlands. Imeandikwa hapa hapa petu. Mwezi Mei 1949, Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika Ukumbi wa Kaloleni, ambao wengi wenu mnapita mbele yake mkienda sokoni, Makhan Singh alisimama mbele ya umati akadai uhuru kamili wa nchi zetu. Wakati huo hata viongozi wetu wengi walikuwa wakiomba tu viti zaidi katika baraza la mkoloni. Tarehe 15 Mei, Singh na Kubai walikamatwa. Wafanyakazi wa mji huu wakagoma, na mitaa ya Pumwani na Shauri Moyo ikawa ndiyo moyo wa mgomo ule. Makhan Singh alikaa kizuizini hadi mwaka 1961, zaidi ya miaka 11.

Viongozi walipokwisha kufungiwa, pengo lilibaki. Pinto alikuwa miongoni mwa wachache waliojaribu kuliziba. Aliandika katika gazeti la Daily Chronicle, akasaidia vyama vya wafanyakazi, akashirikiana na Kenya African Union katika kuandaa madai ya ardhi yaliyopelekwa kwa Waingereza. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, na viongozi wakapelekwa Kapenguria kushtakiwa, alisaidia katika mipango ya kuwapatia mawakili. Zaidi ya hayo, alisaidia kwa siri kupeleka fedha na silaha kwa wapiganaji wa msituni. Sisi tulio watu wa sheria na watu wa kanisa tunaweza kujadiliana juu ya silaha. Lakini tusisahau kwamba kwa hatua ile Pinto alikuwa akiweka shingo yake palepale zilipokuwa shingo za wenzake, wakati ambapo kupatikana na risasi moja tu kulimpeleka mtu kwenye kitanzi.

Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi. Wazee wetu wa Bahati, Ziwani, Kaloleni na Makongeni wanaikumbuka siku ile kwa masimulizi ya wazazi wao, jinsi watu walivyotolewa majumbani, wakapangwa mistari, wakapita mbele ya wasaliti waliofunikwa nyuso kwa magunia. Makumi ya maelfu walipelekwa Lang'ata, na kutoka huko wengi wao Manyani na Mackinnon Road. Wiki chache baadaye, mwezi Juni, Pinto naye alikamatwa. Alikuwa amemwoa mkewe, Emma, mwezi Januari mwaka huo huo. Ndoa ilikuwa na miezi mitano.

Alizuiliwa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, hadi mwaka 1958, kisha akawekwa Kabarnet kwa amri ya kutotoka huko mpaka mwaka 1959. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Watu wa Eastlands walipokuwa Manyani, huyu Mgoa alikuwa Manda.

Kiti kisicho na jimbo

Alipoachiliwa, Pinto hakudai fidia wala cheo. Alishika kalamu na kuanza kujenga chama. Alisaidia kuanzisha gazeti la Sauti ya KANU, akatafuta fedha za uchaguzi, na baadaye akawa nguzo ya kampuni ya Pan African Press iliyotoa magazeti ya kupigania wananchi, mojawapo likiwa la Kiswahili, Sauti ya Mwafrika. Mwaka 1963 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Afrika Mashariki, na mwezi Julai 1964 akaingia katika Baraza la Wawakilishi la Kenya.

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo kwa jambo la kisheria, kwa maana ndilo kiini cha hotuba hii. Katiba ya uhuru iliweka wabunge 117 wa majimbo, na juu yao wabunge 12 waliochaguliwa na wabunge wenzao kwa njia maalum. Pinto alikuwa mmoja wa hao 12. Hakuomba kura Pumwani wala Parklands, na hakuna mpiga kura aliyeweza kumwambia, 'Mimi ndiye niliyekuweka.' Kwa hesabu ya kawaida ya siasa zetu, mbunge wa aina hiyo ni mtu aliye huru kulala. Angeweza kuchukua mshahara wake na kumshukuru kila siku aliyempa kiti.

Yeye alijitafutia jimbo. Jimbo lake lilikuwa wale waliotoka vizuizini wakakuta mashamba yao yamegawiwa wengine. Lilikuwa wafanyakazi wa mijini, na wale wakulima walioambiwa kwamba ardhi waliyoipigania sasa itanunuliwa kwa mkopo. Tukumbuke kwamba mashamba ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa kwa fedha zilizokopwa Uingereza na kwingineko, na mkopo huo ukawa mzigo wa mwananchi. Mwezi Juni 1964 Bildad Kaggia alipoteza wadhifa wa waziri msaidizi kwa kuwatetea maskwota. Pinto alikuwa upande wa Kaggia na wa Jaramogi Oginga Odinga. Aliamini kwamba bendera mpya juu ya umaskini wa zamani haitoshi kuitwa uhuru. Alishiriki pia katika kazi ya Taasisi ya Lumumba, iliyofunzwa makada wa chama, na hakuwasahau ndugu wa Msumbiji na Angola waliokuwa bado chini ya Mreno yule yule aliyemtawala baba yake.

Linganisheni na leo. Katiba tuliyoipata mwaka 2010, baada ya machozi mengi na damu iliyomwagika Kamukunji tangu Saba Saba ya 1990, nayo ina viti 12 vya wabunge wanaoteuliwa na vyama. Kifungu cha 97 kinasema viti hivyo ni vya kuwakilisha wenye mahitaji maalum, wakiwamo vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Tunawauliza: ni mara ngapi viti hivyo vimekuwa zawadi ya rafiki, ya jamaa, au ya aliyeshindwa uchaguzi akatafutiwa kifuta machozi? Nani kati yenu anayemjua kwa jina mbunge anayewakilisha wafanyakazi wa viwanda vya barabara ya Lunga Lunga? Sheria ilitupa mlango, na vyama vimeugeuza kuwa ghala la kuwekea wapendwa. Miezi saba ya Pinto inatuonyesha mlango ule ulivyopaswa kutumiwa.

Bunge bila upinzani

Kuna jambo lingine ambalo wapigania mageuzi hatuna budi kulitazama. Tarehe 10 Novemba 1964 chama cha KADU kilijivunja chenyewe, na wabunge wake wakavuka kuketi upande wa serikali. Watu walishangilia wakisema sasa nchi ni moja. Mwezi uliofuata tukawa jamhuri. Lakini tangu siku ile aliyetaka kuipinga sera ya serikali alilazimika kuipinga akiwa ndani ya chama cha serikali yenyewe. Hakukuwa na kiti cha upinzani cha kuketi, wala kiongozi wa upinzani wa kusimama nyuma yake. Upinzani ukaitwa usaliti.

Pinto alikuwa ndani ya nyumba hiyo. Inajulikana kwamba mijadala kuhusu njia ya uchumi ilikuwa mikali mwanzoni mwa mwaka 1965, na kwamba yeye alikuwa mmoja wa wapangaji wakuu wa hoja za upande uliotaka mabadiliko makubwa. Miezi michache baadaye serikali ilitoa Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao ndani yake mali binafsi na mitaji ya wageni vilipata ulinzi wa kutosha. Siku ya kuujadili waraka huo Bungeni, Pinto hakuwapo.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari

Tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, Pinto alikuwa ndani ya gari lake kwenye lango la nyumba yake, Westlands, akiwa na binti yake mdogo kiti cha nyuma. Watu walimkaribia wakampiga risasi kwa karibu. Alikufa pale pale mbele ya mtoto wake. Siku tatu kabla yake, huko New York, Malcolm X alikuwa ameuawa kwa risasi vilevile. Bara letu na watoto wake wa ng'ambo waliomboleza pamoja wiki ile.

Pinto alikuwa mwanasiasa wa kwanza kuuawa kwa njia hiyo katika Kenya huru. Hakuwa wa mwisho. Tom Mboya, aliyeshinda kiti cha Nairobi Mashariki mwaka 1961, alipigwa risasi mwaka 1969. J. M. Kariuki aliuawa mwaka 1975. Robert Ouko aliuawa mwaka 1990. Kila mara tuliambiwa uchunguzi unaendelea. Mauaji ya kwanza yasipopata jibu, ya pili huwa rahisi zaidi.

Mtatuuliza: je, hakukuwa na kesi? Kesi ilikuwapo. Vijana wawili walishtakiwa. Mmoja aliachiliwa. Wa pili, Kisilu Mutua, alihukumiwa kunyongwa, na hukumu hiyo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Jaji Mkuu aliyeisikiliza, Sir John Ainley, mwenyewe alieleza katika hukumu yake kwamba kesi ile ilikuwa na sura ya jambo lisilokamilika. Kisilu alikaa gerezani takriban miaka 35, akatoka kwa msamaha wa Rais Moi akiwa mzee, naye hadi mwisho alishikilia kwamba hakuua.

Sisi mawakili tunajua kwamba faili linaweza kufungwa na swali likabaki wazi. Kortini aliulizwa nani aliyekuwapo langoni. Hakuulizwa kwa ukamilifu nani aliyetuma, nani aliyelipa, na nani aliyefaidika. Mnaposikia kwamba kijana mmoja asiye na mali wala jina amebeba peke yake mzigo wa mauaji ya kisiasa, jueni kwamba kuna watu wazito waliotembea mikono mitupu. Na ninyi wazazi wa Eastlands mnalijua jambo hili kuliko sisi, maana kila uchaguzi ni wana wenu wanaopewa shilingi na rungu, na ni wana wenu wanaozikwa au kufungwa, huku waliowatuma wakiapishwa.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake mwezi Mei 2013, na ndani yake yamo mauaji ya Pinto pamoja na mengine ya kisiasa. Ripoti ile ilifika mahali inapopaswa kufika, na utekelezaji wake ukasuasua. Wanaoomba wananchi wasahau husema kwamba kufukua makaburi kunaleta chuki. Lakini sisi tunaosoma Biblia tunajua kwamba Kaini alipoulizwa alipo ndugu yake hakuambiwa asahau. Damu ilikuwa imekwisha kupaza sauti kutoka ardhini.

Mambo matatu ya kuondoka nayo

La kwanza linahusu ukabila. Mwezi Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi yetu. Tulifurahi, lakini Pinto alikuwa Mkenya miaka mingi kabla ya tangazo hilo. Kuna wafanyabiashara wa asili yake waliotunyonya, kama walivyo wa makabila yetu yote, na hatutawatakasa kwa sababu ya mtu mmoja. Lakini mtu akikwambia 'Mhindi ni Mhindi tu', muulize Makhan Singh alifanya nini Kaloleni, na muulize Pinto alikuwa wapi mwaka 1955. Na akikwambia umpigie kura mtu kwa sababu ni wa kwenu, muulize huyo wa kwenu alikuwa wapi ulipovunjiwa kibanda chako. Yesu alipoulizwa jirani ni nani alitoa mfano wa Msamaria, mtu wa taifa lililodharauliwa. Mfano huo haukutolewa kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili peke yao.

La pili linahusu viti vya uteuzi. Vikundi vya haki na amani katika makanisa yetu vianze kazi hii mapema, kabla ya orodha za vyama kupelekwa kwa tume ya uchaguzi. Waandikieni viongozi wa vyama barua. Waulizeni: mnayetaka kumweka kwa niaba ya wafanyakazi, amewahi kufanya kazi gani, na chama gani cha wafanyakazi kinamjua? Mnayemweka kwa niaba ya vijana, vijana wa mtaa gani walimpendekeza? Majibu yabandikeni kwenye ubao wa matangazo wa kanisa. Wakikataa kujibu, bandikeni kwamba wamekataa.

La tatu linahusu deni. Kila tarehe 24 Februari, jina la Pinto litajwe katika sala za waumini, pamoja na majina ya wengine wote waliouawa kwa ajili ya maoni yao. Vijana wapangeni safari kwenda City Park, ambako amezikwa. Si mbali, na nauli ya matatu mbili inatosha. Karibu naye amelala rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na kujiuzulu mwaka huo huo, ambaye alitaka azikwe karibu na Pinto. Simameni hapo, mfikirie namna Makamu wa Rais alivyochagua jirani wa kulala naye milele: Mkenya wa asili ya Goa, mbunge wa miezi saba, ambaye marafiki walilazimika kuchangishana kwa ajili ya mjane na watoto wake kwa sababu siasa haikumtajirisha.

Sasa turudi kwenye swali mlilotupa. Mbunge ni mtumishi wa nani? Katiba inajibu kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Pinto alijibu kwa njia nyepesi zaidi kueleweka: alimtumikia mtu ambaye hangeweza kumlipa, hata kwa kura. Mbunge wa namna hiyo hatashuka kutoka mbinguni. Atatoka katika mitaa hii, katika vyama vya wafanyakazi na vikundi vya makanisa, ikiwa tutamlea, tutamsimamisha na tutamlinda. Tunasema tutamlinda, kwa maana yule wa kwanza hatukumlinda.

Mungu awabariki, na ailinde Kenya.